Januari Yangu ya Bei Mbili

Najua wakati unasoma hapa mshahara wa Desemba umeshakuwa hadithi, wa Januari bado uko mbali kama Kigoma, na wewe upo katikati na ada ya mtoto, kodi ya nyumba na madeni ya sikukuu. Pole sana. Kalenda inasema Januari ina siku 31, lakini sisi tunaoishi kwa mshahara tunajua urefu wake.

Mimi na mashoga zangu tuna kautamaduni ketu ka kila mwanzo wa mwaka. Tunakutana Jumamosi moja, tunaagiza chipsi na mishkaki, halafu kila mmoja anajibu maswali mawili: umenunua nini tangu mwaka uanze, na unasoma kitabu gani? Ni ya kuchekana tu. Lakini ukisikiliza vizuri utagundua mtu anajianika mwenyewe pale. Aliyenunua viatu vya mazoezi ana ugomvi na mwili wake. Anayesoma kitabu cha kuwa tajiri mara nyingi ana deni. Na yule anayesema "mie sijanunua kitu" ndiye wa kumwangalia kwa makini.

Mwaka huu zamu yangu ilipofika nikataja vitu vyangu vitatu, na bei yake kila kimoja. Wakashangaa. "Makubwa! Siku hizi Mama K unataja bei?" Nikacheka nao. Sikuwaambia kilichonibadilisha, ila wewe nitakuambia. Ni kisa cha Januari 2025, na mume wangu ameniruhusu nikisimulie kwa sharti moja tu, nisimtaje jina. Kwa hiyo yeye atabaki Baba K, na mimi Mama K.

Mkoba wa rangi ya maziwa

Usiku wa kuamkia mwaka mpya tulikaa kwenye mkeka sebuleni, binti yetu kalala, tukapiga hesabu. Tulikuwa tumepanga Tabata, kodi laki mbili na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba hataki longolongo: anataka ya miezi sita kwa mpigo. Yaani milioni moja na nusu, tarehe 1 Machi iwe mezani. Tukakubaliana kwamba hadi siku hiyo hakuna kununua kitu kisichokuwa cha lazima. Chakula, nauli, ada, basi. Tukapeana mikono kama mawaziri wanaosaini mkataba.

Jumamosi ya tarehe 4 nikaenda Kariakoo kununua sare za chekechea. Sare nikapata. Nikiwa narudi, pale Mtaa wa Congo, nikauona mkoba. Rangi ya maziwa, vishikio vya kahawia, umesimama wenyewe bila kuegemea kitu. Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu kuliko halua, akaniambia, "Dada, huu ulikuwa unakusubiri wewe tu." Akasema elfu 80. Nikalia shida weee, nikajifanya naondoka, nikarudi, tukafika elfu 65. Nikalipa kwa simu.

Nyumbani Baba K akauona. "Mkoba mpya?"

"Mtumba huo, nimeuokota Karume. Elfu 18."

"Umependeza," akasema, akaendelea kula.

Basi bwana, hapo ndipo nilipoharibikiwa. Angegomba, ningeacha. Lakini uongo wa kwanza ulipita laini mno, nikaona kumbe kazi ni rahisi. Katikati ya mwezi kila kitu nilichokuwa nacho kilikuwa na bei mbili, ya dukani na ya nyumbani. Wigi: dukani laki moja na kumi, nyumbani "nimeazimwa na dada wa ofisini". Manukato: dukani elfu 45, nyumbani "zawadi ya wafanyakazi, tuligawana". Viatu vya kisigino kifupi: dukani elfu 35, nyumbani "si vile vya zamani nimevipeleka kwa fundi!"

Nusura mifuko iniumbue. Unakumbuka tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, ukinunua kitu unapewa ile mifuko mbadala ya rangi rangi? Mimi kutupa kitu kizuma siwezi. Nilikuwa naikunja naiweka chini ya sinki la jikoni, na ikaanza kujaa. Siku moja Baba K akafungua pale kutafuta brashi ya viatu, mifuko ikamwangukia miguuni. Aliiangalia, akaiokota mmoja mmoja, akairudisha. Hakusema neno. Nikamshukuru Mungu. Sikujiuliza kwa nini mwanaume mwenye macho yake anaona mifuko saba mipya na hana hata swali.

Hela yangu, sheria yangu

Usidhani dhamira ilikuwa hainisuti. Ilinisuta, nikaitafutia dawa. Dada mmoja ofisini, mtu wa kujiamini kweli kweli, akaniambia, "Wewe unaogopa nini? Hela ya kwako, jasho la kwako. Kasome Sheria ya Ndoa." Nami nikaisoma. Hicho ndicho kikawa kitabu changu cha kwanza cha mwaka: Sheria ya Ndoa ya 1971, tena nikiwa ofisini saa za kazi.

Na kweli, kifungu cha 58 kinasema ndoa haimwondolei mke wala mume haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Nikajiona nimeshinda kesi ambayo hata haijafunguliwa. Nikashuka hadi kifungu cha 63, kinachomtaka mume amtunze mkewe kwa makazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake. Hicho nikakipita haraka, nikikihesabu kama pointi nyingine ya upande wangu. Haikunijia kabisa kwamba kwa mwanaume aliyekuzwa akiambiwa hilo tangu mdogo, hata bila kuiona sheria yenyewe, maneno yale yanaweza kumlaza macho.

Kitabu cha pili nilikinunua kwa kujionyesha kidogo, nikiri. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wengi wetu tulimpongeza bila kuwa tumesoma hata ukurasa wake mmoja. Riwaya yake ya 1994 iliyokuwa kwa Kiingereza ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikaitwa Peponi, Mkuki na Nyota wakaitoa mwaka 2022. Nikakiona dukani nikasema mwaka huu na mimi nimsome ndugu yetu. Kilikuwa kwenye mkoba mpya kila siku, kimechomoza kidogo ili watu kwenye daladala waone.

Kumbe kitabu kilikuwa kinanivizia. Ni habari ya kijana anaitwa Yusuf. Ana miaka 12 pale baba yake anapomkabidhi kwa tajiri mmoja mfanyabiashara, Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita ami. Anapanda treni akidhani anakwenda kutembea kwa ndugu. Ni baadaye anapoelezwa kwamba yule si ami yake hata kidogo. Baba alikuwa na deni, akashindwa kulipa, na mtoto ndiye aliyekwenda kukaa rehani.

Nilifunga kitabu nikiwa kwenye kiti cha dirishani, foleni ya Buguruni haiendi. Kilichonikaa rohoni si deni, maana madeni yapo kila nyumba. Ni lile neno "ami". Kumbe ndani ya familia unaweza kuchukua neno zuri la heshima ukalifunikia deni, na wote wakaendelea kulitumia wakati wa chakula, hadi siku ya kulipa.

Mume wangu kaanza kusoma

Sasa nikueleze upande wa pili. Baba K si msomaji. Alisoma sayansi, PCM, na vitabu vya fasihi aliachana navyo kidato cha nne kwa furaha. Kusoma kwake ni magazeti ya michezo, Simba na Yanga, basi. Lakini Januari ile nikaanza kusikia vitu vya ajabu mezani.

"Hivi mama," ananiuliza siku moja tunakula ugali na dagaa, "mzazi akimbana sana mtoto, anamlinda au anamfukuza?"

Nikamwuliza limetoka wapi hilo. Akaanza kunisimulia kuhusu binti mmoja wa Ukerewe, baba yake mkali na mlevi, aliyetoka nyumbani kwenda masomoni akiwa hajui kujiongoza, mambo yakamharibikia. Nikamwambia hiyo si Rosa Mistika ya Kezilahabi? Ile iliyotoka 1971 na ikazuiwa kwa muda mashuleni? Akasema, "Sijui, kuna jamaa kazini alikuwa anasimulia."

Mimi na kusoma kwangu kote sikushtuka. Nilifurahi tu kwamba tunaongea. Zilikuwepo dalili nyingine pia. Kazi yake ilikuwa ghalani, kwenye kampuni moja Barabara ya Nyerere, na kwa miaka minne kola za mashati yake zilikuwa zinarudi nyeusi kwa vumbi. Januari ile zikawa zinarudi safi. Nikasema afadhali, sabuni inapungua. Hela ya matumizi, ambayo alizoea kunipa yote mwanzo wa mwezi, akanipa nusu. "Mshahara umechelewa, mambo ya benki." Nikasema sawa. Nusu nyingine akanipa tarehe 15. Nikasema si nilijua.

Ukiwa na siri yako huwa huna muda wa kuiona ya mwenzako. Mimi nilikuwa bize kukumbuka bei za nyumbani nisije nikajichanganya.

Kitabu cha elfu tano

Ijumaa ya tarehe 24 nikaamua kukiri. Yusuf na ami yake walikuwa wamenikalia kooni wiki nzima, nikaona bora niseme bei halisi ya mkoba, wigi, manukato na viatu, nigombwe mara moja yaishe. Lakini mtu haendi kukiri mikono mitupu. Mchana nikapita kwa wale wauza vitabu vya mtumba wanaopanga kando ya barabara pale Posta. Nikawaza, kwa kuwa siku hizi anapenda stori, nimpelekee kimoja. Nikapata Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, toleo la zamani, jalada limechanika pembeni. Elfu tano. Hiyo ndiyo bei, haina nyingine.

Usiku baada ya kula nikamkabidhi. Televisheni ilikuwa inaendelea na taarifa ya habari.

"Hiki cha kwako. Ni stori ya Unguja ya enzi za mkoloni. Kuna binti wa Kihindi anaitwa Yasmin..."

Akakipokea, akatabasamu. "Aliyeozwa kwa yule mzee Raza? Mwanzo unaenda taratibu, lakini Denge akishaingia hukiweki chini."

"Ulishakisoma?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita? Wapi?"

Mpenzi msomaji, kuna kimya ambacho hata mtoto mdogo angekielewa. Aliangalia kitabu, akaangalia mlango wa chumba cha mtoto, akachukua rimoti akazima televisheni.

"K kalala?"

"Kalala."

"Kaa chini, mama."

Mkataba wake uliisha Desemba 31 na haukuongezwa. Aliambiwa tarehe 20 Desemba, akaniangalia nakata kitambaa cha nguo ya Krismasi ya mtoto, akaona aseme baada ya sikukuu. Sikukuu ikapita, akaona aseme akishapata kazi nyingine. Kila asubuhi alikuwa anavaa shati lake, tunatoka wote, tunaachana Buguruni kama kawaida: mimi naendelea Posta, yeye anashuka abadilishe gari. Kumbe alikuwa anasimama pale kituoni hadi daladala langu lipotee, halafu anapanda linalofuata.

Alikuwa anakuja mjini, Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1967. Asubuhi anaandika barua za maombi ya kazi. Akimaliza kuandika anazungusha bahasha maofisini, na jua likishakuwa kali anarudi kukaa. Huwezi kukaa maktaba unaangalia ukuta, kwa hiyo akaanza kuchukua vitabu rafuni. Rosa Mistika kwa siku nne. Vuta N'kuvute kwa wiki.

Kutoka ofisini kwangu hadi maktaba ni dakika kumi kwa miguu. Wiki tatu nzima mume wangu alikuwa dakika kumi kutoka mezani kwangu, na mimi nilidhani yuko ghalani anahesabu maboksi.

Nikamwuliza, na ile hela ya matumizi? Akasema malipo yake ya mwisho yaliisha kwenye ada na nauli za Krismasi. Nusu ya pili, ile ya tarehe 15, alikopa kwa simu. Laki tatu, kwa programu moja ya mkopo wa haraka ambayo sitaitaja, ya aina ile mtaani tunayoiita kausha damu. Unabonyeza, hela inaingia kabla hujameza mate, na riba inaanza kukua kabla hujazitumia. Novemba 2024, miezi miwili tu nyuma, Benki Kuu ilikuwa imetangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Tangazo aliliona. Lakini mtu mwenye aibu hasomi matangazo, anatafuta kitufe.

Nani amlaumu nani?

Kwanza nililia. Kisha nikakasirika vibaya. Si kwa sababu ya kazi, kazi zinaisha kila siku. Nilikasirika kwa pale Buguruni. Yaani mimi nakupungia mkono dirishani na wewe unasimama kunisindikiza kwa uongo? Nilimwambia maneno makali, na mengine sitayaandika hapa.

Akaniacha nimalize. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mkoba ulikuwa shilingi ngapi?"

Nikaishiwa pozi. Alikuwa anajua. Tangu siku ya kwanza alijua, maana mtu aliyefanya kazi ghalani miaka minne anajua mtumba na anajua kitu kipya. Mifuko aliihesabu. Hakuuliza kwa sababu aliona hana mdomo wa kuulizia, na kila kitu kipya nilicholeta alikichukulia kwamba namwambia kwa vitendo: wewe hutoshi, najitosheleza mwenyewe. Ile "umependeza" yake, kumbe ilimgharimu.

Nikataja bei zote, za dukani. Jumla ilikuwa laki mbili na elfu hamsini na tano. Tukaangaliana. Ilikosa elfu 45 tu kufikia deni alilokopa ili mimi nisijue kwamba hana.

Siku mbili hatukusemeshana zaidi ya "mtoto amekula?" na "maji yapo?" Sikumwambia mama yangu wala mashoga zangu. Jumapili jioni mimi ndiye niliyeanza. Nikachukua daftari, nikachora mistari miwili, nikamwambia tuanze upya. Wewe taja zako, mimi nitaje zangu, hadi ya vocha.

Tulivyojikwamua

Nisikudanganye kwamba mapenzi yalilipa kodi. Kilicholipa ni hesabu na kuomba. Deni la simu ndilo tulilolimaliza kwanza, kwa mshahara wangu wa Januari, maana lile ndilo lililokuwa linakua kila siku. Mimi niko kwenye mchezo wa wanawake kumi na wawili na zamu yangu ilikuwa Mei. Nikamfuata kijumbe wetu nikamweleza ukweli, mume hana kazi, sina kodi. Nilidhani nitaaibika. Akaniambia, "Mwanangu, hapa nusu ya wenzio wamepita hapo hapo." Akanibadilishia na mwenzangu wa Februari. Kwa mwenye nyumba tulikwenda wote wawili, tumeongozana, tukaomba atupokee miezi mitatu badala ya sita. Alinung'unika sana, akakubali. Nadhani kilichomlainisha ni kutuona tumekuja pamoja.

Mkoba nilijaribu kuuuza. Shoga yangu akanipa bei ya kunitukana, nikaurudisha nyumbani. Baba K akasema, "Ubebe tu. Nilishauzoea." Ninao hadi leo.

Kazi alipata Aprili, mshahara pungufu ya ule wa zamani. Ile miezi mitatu kabla yake haikuwa rahisi. Kuna siku alirudi hana hata nauli ya kesho yake na nikamwona anatafuta maneno ya kunizuga, halafu akaacha, akasema tu, "Leo sina." Kwangu mimi neno hilo lilikuwa na thamani kuliko "nimekuletea".

Tumebaki na taratibu chache, na kama zinakufaa zichukue. Ya kwanza, Jumapili jioni tunakaa na simu zetu, kila mtu anasoma ujumbe wake wa miamala kwa sauti. Wiki za mwanzo ni aibu tupu, baadaye inakuwa vichekesho. Ya pili, kila mmoja ana elfu 50 kwa mwezi ya kutoulizana. Ukitaka nunua wigi, ukitaka ichome moto, mwenzako haruhusiwi hata kukunja uso. Nimegundua nusu ya uongo wangu ulitokana na kukosa hela ya namna hiyo, kwa sababu mtu mzima hapendi kuomba ruhusa ya kununua mafuta ya kupaka. Ya tatu, deni halilali. Ukikopa leo, sema leo, hata kama ni elfu tano ya muuza genge.

Na sheria? Bado naiamini. Hela yangu ni yangu, na dada ajuaye haki zake asiziachie. Lakini haki ya kumiliki mkoba ni kitu kimoja, na kudanganya bei yake ni kitu kingine. Kifungu cha 58 hakijasema popote kwamba ukifika nyumbani useme ni wa mtumba.

Orodha ya mwaka huu

Basi, nilivyowataja vitu vyangu kwa mashoga zangu mwaka huu ni hivi. Nimenunua kandambili, elfu nne na mia tano. Nimenunua mafuta ya nywele, elfu 12. Na nimenunua Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, riwaya ya 1972 ya mapenzi na uroho wa pesa, elfu sita kwa yule yule muuzaji wa mtumba. Baba K yeye amenunua soksi jozi tatu na brashi mpya ya viatu. Ile ya zamani ilipotelea kwenye mifuko.

Kitabu ni kimoja na wasomaji ni wawili, kwa hiyo tunapokezana. Yeye anaweka alama kwa risiti, mimi nakunja kona ya ukurasa, na hilo ndilo ugomvi wetu mkubwa wa mwezi huu. Juzi nilikuta amenitangulia kurasa 40 na hataki kunisimulia.

Nawe mpenzi msomaji, Januari hii wakati unahesabu vijisenti vilivyobaki, ukimwona mwenzako ghafla ameshika kitabu ambacho hajawahi kushika, usifurahi tu kama mimi. Muulize anasomea wapi. Halafu nyamaza, umpe muda ajibu.